Onyo Likilia Ndege Ikiwa Mbioni Kupaa: Dalili, Sababu na la Kufanya

Tangu rubani asukume nyenzo za injini mbele hadi magurudumu yaache lami, ndege ya abiria hutumia kama nusu dakika. Taa ikiwaka au honi ikilia ndani ya nusu dakika hiyo, hakuna muda wa kufungua kitabu. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, vile rubani anavyoiona, anavyoisikia au anavyoihisi kwenye kiti, na kila dalili nimeiuliza swali moja kabla ya mengine: ndege iko kwenye kasi gani sasa?

Nimewaandikia vijana wa Pwani wanaosomea urubani. Nimewafikiria pia abiria wa Moi, uwanja wa ndege wa Mombasa, ambao ndege yao iliwahi kufunga breki ghafla katikati ya mbio, wakarudishwa jengoni bila kuelezwa kitu.

Kasi kwanza, dalili baadaye

Mbio za kupaa zina vipande vitatu. Cha kwanza kinaanzia kusimama hadi noti 80, yaani maili 80 za baharini kwa saa, kama kilomita 148. Airbus huweka mpaka huo kwenye noti 100. Hapa chini kusimama hakuna gharama kubwa, kwa hiyo rubani anaruhusiwa kusimama hata kwa jambo dogo.

Cha pili kinatoka hapo hadi kasi iitwayo V1. Sababu za kusimama sasa zimebaki za kuhesabu kwa vidole: moto au onyo la moto, injini kufa, onyo kwamba mbele kuna upepo unaogeuka ghafla, au ishara kwamba ndege yenyewe si salama au haitaweza kuruka. Mengine yote yanasubiri. Cha tatu ni baada ya V1. Hapo unapaa, na tatizo unakwenda kulishughulikia hewani.

Wanafunzi wengi wanaelewa V1 kama kasi ya kuanza kuamua. Sivyo. Ikifika V1, hatua ya kwanza ya kusimama inatakiwa iwe imeshachukuliwa. Kwenye noti 140 ndege inameza mita 72 kila sekunde, kwa hiyo anayesema "ngoja kidogo nione" ameshatupa urefu wa karibu uwanja mzima wa mpira. Tena nishati ambayo breki lazima ziimeze hukua kwa mraba wa kasi. Kusimama kutoka noti 140 kunadai breki mara tatu ya kusimama kutoka noti 80.

Mapema miaka ya 1990 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani na watengenezaji wa ndege walichambua ajali na matukio ya ndege zilizopitiliza mwisho wa njia baada ya kukatiza mbio. Zaidi ya nusu zilikatizwa wakati V1 imeshapita, na nyingi hazikuwa na tatizo la injini hata kidogo. Walikadiria kwamba mruko mmoja katika kama 3,000 hukatizwa, na robo tatu ya hiyo hukatizwa kwenye noti 80 au chini yake. Maana yake rubani anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kusimama hata mara moja kutoka kasi kubwa, halafu siku ikija anatakiwa afanye bila kusita. Kwa ajili hiyo uamuzi hupangwa kwa maneno kabla breki hazijaachiwa: tutasimama kwa nini, hatutasimama kwa nini, nani atasema, nani atashika nini. Kwenye mashirika mengi mkono wa kapteni hukaa juu ya nyenzo za injini hadi V1, na V1 ikitajwa anauondoa. Anauondoa makusudi, ili kelele yoyote itakayofuata isimfanye avute nyuma bila kufikiri.

Kwa Mombasa hesabu zina sura yake. Njia kuu ya Moi, 03/21 (03 ni kupaa kuelekea kaskazini-mashariki, 21 ni kuelekea kusini-magharibi), ina mita 3,350, na iko karibu na usawa wa bahari. Ukitoka JKIA ya Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu, hewa ya hapa ni nzito na injini zinafurahi. Lakini mchana wa Februari au Machi joto likipita digrii 32, na ndege imejaa watalii pamoja na mafuta ya kufika Ulaya, ile ziada ya mita inayeyuka. Wakati wa masika lami ikilowa, V1 hushushwa ili ibaki nafasi ya kusimama. Na upepo ndio unaochagua upande: kaskazi ikivuma ndege huelekea zaidi 03, kusi ikishika huelekea 21.

Honi inalia mara tu nyenzo zinaposukumwa

Hii ndiyo dalili rahisi kuliko zote, na ndiyo iliyoua watu wengi kwa kupuuzwa au kwa kukosekana. Ndege inakwambia haijakaa mkao wa kupaa. Sababu huwa moja kati ya hizi: flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoliongezea uwezo wa kubeba, hazijateremshwa au ziko kwenye namba isiyoruhusiwa, trimu ya mkia, inayosawazisha pua, iko nje ya eneo la kijani, wenzo wa spoila, vibao vya juu ya bawa vinavyoliondolea uwezo wa kubeba, haujalala, au breki ya maegesho imeshikwa.

Vuta nyenzo nyuma, simama, toka kwenye njia, tafuta sababu. Usirekebishe huku mnakimbia. Mkono unaoshusha flapu ndege ikiwa noti 60 unaongeza kosa juu ya kosa, kwa sababu hujui ni kitu gani kingine kilirukwa pamoja na flapu.

Buenos Aires, tarehe 31 Agosti 1999, Boeing 737 ya shirika la LAPA ilikimbia njia nzima honi inalia. Marubani waliisikia wakaendelea. Flapu zilikuwa juu. Watu 65 walikufa, wengine wakiwa nje ya ndege.

Upande wa pili ni mbaya zaidi: honi isiyolia. Madrid, 20 Agosti 2008, ndege ya Spanair aina ya MD-82 ilipaa bila flapu na onyo halikutoka. Watu 154 walifariki, 18 wakanusurika. Detroit ilikuwa imeshaona hayo hayo Agosti 1987, watu 156. Na sisi tunayo ya kwetu. Nairobi, 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa iliruka ilhali slati, zile kingo za mbele ya bawa zinazoliongezea uwezo wa kubeba, zimebaki zimefungwa kwa sababu hewa ya kuzisukuma haikuwa imefunguliwa. Ikainuka kidogo, ikashindwa kupanda, ikaanguka mbele ya njia. Kati ya watu 157 walikufa 59. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu, na baada yake mfumo wa onyo wa aina hiyo uliboreshwa.

Basi usichukue ukimya wa honi kuwa ushahidi. Ushahidi ni macho: wenzo wa flapu uko namba ipi, na kipimo cha flapu kinasema namba hiyo hiyo? Mkono mmoja ugusie wenzo, mtu wa pili asome kipimo kwa sauti.

Flapu husahaulika vipi na watu wenye uzoefu? Kwa kukatizwa. Hapa Moi mtego wake naujua sura: mmejiandaa kwa 21, mnatembea taratibu, upepo unageuka, mnara unawapa 03. Mahesabu yanaanza upya, kompyuta inaandikwa upya, na ule ukaguzi mliouacha nusu unaonekana kama umekwisha. Dawa ni moja. Ukaguzi uliokatizwa unarudiwa tangu mstari wa kwanza, hata kama ndege tatu zimewasubiri nyuma.

Jambo la kukariri kwa wa Boeing 737: kwenye ndege nyingi za aina hiyo honi hii hii ya vipindi, mkishakuwa hewani, humaanisha hewa ya ndani ya ndege inapungua mno. Tarehe 14 Agosti 2005 marubani wa Helios waliisikia wakipanda kutoka Larnaca, wakaichukulia kuwa honi ya mkao wa kupaa. Watu wote 121 walikufa. Ardhini honi hiyo inasema simama; hewani inasema vaa oksijeni.

Taa ya njano inawaka

Mlango wa mizigo, pampu ya haidroli, jenereta, feni. Chini ya noti 80, simama. Juu ya hapo, endelea.

Watengenezaji wamekusaidia hapa. Kwenye ndege nyingi za kisasa maonyo mengi ya njano huzuiwa yasitoke kuanzia kama noti 80 hadi ndege iwe imeshapanda futi mia kadhaa, na kwa Airbus mengi hukaa kimya mpaka futi 1,500. Yanafichwa kwa sababu hayafai kukushughulisha wakati huo. Ikitokea moja limepenya, au dirisha la pembeni limefunguka na upepo unapiga kelele ya kutisha, ndege bado inaruka. Paa, tulia, zunguka, rudi utue.

Vipimo vya kasi havikubaliani

Hii inataka kutazamwa kwa karibu. Ndege ikifika noti 80 mmoja hutamka, na mwenzake lazima aangalie kipimo cha upande wake kabla ya kuitikia. Wapo wanaoitikia kwa mazoea, macho yako nje kwenye lami. Kuitikia kwa namna hiyo ni hatari, maana hapo ndipo mahali pa mwisho pa kugundua kwa bei nafuu kwamba kasi unayosoma ni ya uongo.

Sababu kubwa ni mirija ya pito kuziba. Ni vijibomba vidogo vilivyotokeza ubavuni mwa pua, vinavyopokea upepo wa mbele na kuupima. Tundu lake halipiti kidole, na nyigu wa udongo wanalipenda. Ndege ikilala nje kwenye joto la pwani bila vifuniko, nyigu wanaweza kuziba tundu. Ikifunikwa, lazima mtu akumbuke kutoa vifuniko. Njia zote mbili zimeshaleta matatizo duniani. Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya Birgenair ilikuwa imekaa chini kwa muda bila mirija yake kufunikwa. Kapteni aliona wakati wa mbio kwamba kipimo chake hakifanyi kazi, akaendelea. Hewani kipimo kilianza kuonyesha kasi kubwa kuliko ya kweli, maonyo yakagongana, ndege ikaanguka baharini na watu 189. Wachunguzi waliona huenda ni wadudu. Brisbane, 18 Julai 2018, Airbus A330 iliondoka na vifuniko vya mirija vikiwa bado vimevikwa. Hiyo ilirudi ikatua salama.

Kipimo kikibaki chini au kikitofautiana na cha mwenzako kwenye noti 80, simama papo hapo. Ukikigundua umeshapita V1, au uko hewani, achana na kipimo cha kasi, shika vitu viwili ambavyo haviwezi kukudanganya pamoja: mwinuko wa pua na nguvu ya injini. Kwa Boeing 737 za kizazi cha NG, flapu zikiwa zimeteremshwa, kanuni ya kukariri ni pua digrii 10 na injini asilimia 80. Ndege itaruka. Haitakuwa nzuri kwa mafuta wala kwa starehe, lakini itaruka mpaka mjue ni kipimo kipi cha kuaminika.

Kwa anayekagua ndege asubuhi pale Moi: usiangalie mirija kwa mbali ukipita. Simama chini yake, inua kichwa, uone tundu lenyewe.

Mshindo, mtikisiko, ndege kuvuta upande

Mambo matatu tofauti yanaanza kwa kufanana, na sikio peke yake haliwezi kuyatofautisha. Macho yaende kwenye vipimo vya injini.

Ikiwa ni injini, sindano zake zinaanguka, au joto la moshi wake linapanda, na pua ya ndege inavutwa upande wa injini iliyokufa. Milipuko ya kufuatana, bum bum, na miali ya moto nyuma ya injini mara nyingi ni hewa kugongana ndani ya kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa. Inaogofya kuliko ilivyo, na wakati mwingine injini inaendelea kusukuma. Kabla ya V1 injini ikifa, simama. Baada ya V1, kanyaga usukani wa miguu kunyoosha pua, inua pua ndege ikifika kasi ya kuinuka, panda. Ndege ya injini mbili imepimwa na kupewa cheti ikithibitisha kwamba inaweza kupaa na moja.

Ikiwa ni tairi, vipimo vya injini vimetulia na mtikisiko unakuja kupitia sakafu. Hapa wengi hutamani kusimama, nami naelewa, kwa sababu mtikisiko wake unatia hofu. Lakini hesabu ya mita za kusimama ilifanywa kwa matairi yote yakiwa mazima. Tairi limepasuka, breki ya gurudumu hilo imekwenda nalo, na vipande vinaweza kuwa vimeumiza mabomba ya haidroli. Ukiwa kasi kubwa karibu na V1, kupaa na kurudi kutua ukiwa mwepesi na umejiandaa, zimamoto wakikungoja, ni salama zaidi. Usikunje magurudumu haraka ukiwa na shaka, maana tairi lililochanika au lenye moto hutaki kulifungia tumboni.

Ikiwa ni ndege wa angani, utasikia kishindo kifupi, pengine na harufu ya nyama iliyoungua ikipitia kwenye viyoyozi. Mombasa tunao kunguru wa kutosha. Mvua ikinyesha, nyangenyange hushuka majanini kufuata wadudu. Kunguru mmoja kugonga pua, au hata kupita ndani ya injini ambayo sindano zake hazikuyumba, si sababu ya kusimama juu ya noti 80. Kundi zima kuingia injini na sindano zikaanguka ni habari ya injini, na jibu lake limeshatajwa. Kilicho muhimu ni kuripoti kwa mnara mara moja, ili mabaki yaondolewe kabla ya ndege inayofuata.

Kengele ya moto

Kabla ya V1, simama. Ila kusimama ni nusu ya kazi tu, na nusu ya pili ni upepo.

Manchester, 22 Agosti 1985, marubani wa Boeing 737 ya British Airtours walisikia mshindo, wakadhani ni tairi au ndege wa angani, wakasimamisha mbio. Kumbe kipande cha injini kilikuwa kimepasua tangi la mafuta. Ndege ikageuzwa kuingia njia ya pembeni, na upepo mwepesi ukaupeleka moto moja kwa moja kwenye ubavu wa ndege. Walikufa 55, wengi wao kwa moshi.

Fikiria hayo hapa kwetu. Unapaa 21 kusi ikivuma, upepo unakupiga kutoka kushoto mbele. Injini ya kushoto ikiwaka, moto unasukumwa kuelekea kwenye abiria. Ya kulia ikiwaka, unasukumwa mbali. Unapaa 03 mchana na upepo wa bahari unatoka mashariki: sasa ni injini ya kulia iliyo upande mbaya. Rubani anayetamka hili kabla ya kupaa, "leo upepo uko huku, moto wa upande huu ni mbaya", hatakuwa na la kufikiria akisimama. Simama hapo hapo kwenye njia. Usihangaike kuwapisha wengine, njia ikifungwa itafunguliwa baadaye.

Baada ya V1 kengele ikilia, nyamazisha kengele na urushe ndege. Hakuna kugusa kitu hadi angalau futi 400, ndege ikiwa imenyooka na inapanda. Moto wa injini umefungiwa kwenye chumba kilichojengwa kuuvumilia kwa muda. Ndege iliyopoteza mwelekeo karibu na ardhi haina chumba cha kuivumilia. Kisha taratibu, kwa sauti, wawili mkikubaliana: wenzo wa injini ipi, swichi ya mafuta ipi, mpini wa moto upi. Taipei, 4 Februari 2015, ATR 72 ya TransAsia ilipoteza nguvu ya injini ya kulia muda mfupi baada ya kupaa, na iliyozimwa ikawa ya kushoto iliyokuwa nzima. Walikufa watu 43. Sekunde tano za kuthibitisha zingetosha. Mpini ukishavutwa na chupa ya kwanza ya kuzima moto ikafyatuliwa, subiri sekunde 30. Taa bado inawaka, fyatua ya pili.

Halafu rudi Mombasa. Malindi njia yake ni fupi kwa ndege kubwa, na kwenda Nairobi na injini moja ni kuyapa kisogo mita 3,350 zilizo chini yako.

Onyo la upepo unaogeuka ghafla

Rada ikisema mbele kuna upepo wa namna hiyo na hujafika V1, simama. Kama bado hujaanza mbio, usianze. Mawingu ya masika juu ya Mombasa hupita. Dakika kumi na tano za kusubiri hakuna abiria aliyewahi kuzijutia. Likija umeshapita V1, nguvu zote za injini, inua pua kufuata mwongozo wa skrini, na usibadilishe flapu wala magurudumu hadi utoke ndani yake.

Usukani unatetemeka pua inapoinuka

Hapa nitakaa, kwa sababu dalili hii imetugusa Wakenya kuliko watu wengi.

Usukani ukitetemeka, ndege inasema mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba. Mara nyingine inasema kweli. Lile 747 la Nairobi la 1974 lilitetemesha usukani, na lilikuwa na haki. Mara nyingine kihisi kidogo cha pembe ya upepo kilichoko ubavuni mwa pua kimeharibika na kinadanganya. Kutofautisha, ukiwa futi 200 juu ya ardhi, ni kazi ngumu, na tuna makaburi ya kuonyesha ugumu huo.

Tarehe 30 Januari 2000, usiku, Airbus A310 ya Kenya Airways ilipaa Abidjan kuelekea baharini. Onyo la mabawa kushindwa likalia mara baada ya kuinuka. Lilikuwa la uongo. Rubani aliyekuwa anarusha akaisukuma pua chini, kama alivyofundishwa kufanya juu angani, na ndege ikaingia baharini haijamaliza hata dakika moja hewani. Kati ya 179 waliokoka 10. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, usukani wa kushoto ulianza kutetemeka sekunde chache baada ya kupaa. Kihisi kimoja kilikuwa kimeharibika, na mfumo uliotegemea kihisi hicho kimoja ukawa unaisukuma pua chini tena na tena. Walikufa 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Mfumo huo sasa hulinganisha vihisi viwili kabla ya kufanya lolote, jambo ambalo lilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo, na siwezi kuliandika bila uchungu.

Kwa hiyo tazama haraka, kwa mpangilio huu. Flapu ziko pale mlipoziweka? Pua iko kwenye mwinuko wa kawaida wa kupanda? Nguvu ya kupaa ipo? Kasi ya pande zote mbili inalingana? Usukani wa mwenzako unatetemeka pia? Kama mwinuko na nguvu ni vya kawaida, ndege inapanda, na mtetemo uko upande mmoja tu huku kasi zikitofautiana, karibu hakika ni uongo wa kihisi. Shikilia mwinuko na nguvu zile zile, mpe usukani mwenye vipimo vizima, panda, acha flapu zilivyo hadi mfike mahali pa kufikiri. Kama pande zote mbili zinatetemeka, au pua imepanda mno, au flapu hazipo, onyo ni la kweli: nguvu zote, na pua ishushwe kidogo kwa kipimo, siyo kusukumwa, kwa sababu chini hakuna nafasi.

Kurudi kwenye njia mkiwa mmeshainuka ni mchezo wa bahati. New York, 30 Julai 1992, marubani wa TWA walipata mtetemo wa uongo kwenye Lockheed L-1011, wakairudisha chini ikiwa imeshaacha ardhi. Ndege iliungua yote. Watu wote 292 walitoka hai, na ni jambo la kushukuru, lakini ndege ile ilikuwa na uwezo wa kuruka.

Sauti inayosema ndege imelala upande

Hii ni ya baada ya kupaa, nami siwezi kuiruka. Douala, usiku wa 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways ilipaa katika hali ya dhoruba, ikaanza kulala kulia polepole mno kiasi cha mwili kutohisi. Onyo lilipotoka, usukani ulizungushwa ovyo badala ya kusoma upeo wa macho kwenye skrini. Watu 114 walikufa, wote waliokuwemo. Ukipaa 21 usiku, ukivuka mkono wa bahari wa Port Reitz kuelekea upande wa Kwale, taa za mji zinabaki nyuma na mbele panakuwa giza. Macho yahamie kwenye vipimo kabla giza halijafika, na otopailoti, mtambo wa kuirusha ndege yenyewe, isihesabiwe kuwa imewashwa mpaka taa yake isomwe kwa sauti.

Umevuta usukani na pua haiji

Nadra sana, na ndiyo sababu pekee ya kuvunja sheria ya V1. Willow Run, Michigan, 8 Machi 2017, rubani wa MD-83 alivuta usukani ndege ilipofika kasi ya kuinua pua, pua ikakataa. Sehemu ya mkia ilikuwa imekwama kwa upepo mkali uliopiga ndege ikiwa imeegeshwa. Alisimamisha mbio V1 ikiwa imeshapita, ndege ikavuka mwisho wa njia hadi majanini, na watu wote 116 wakatoka hai. Ndege isiyoweza kuruka ni bora ipitilize ardhini kuliko iinuke.

Umesimama. Sasa?

Kwanza, namna ya kusimama yenyewe: nyenzo nyuma kabisa, breki za nguvu zote, spoila juu, riversi (injini kusukuma kinyume), na tamko kwa mnara. Breki za kujifunga zenyewe husaidia, lakini kwenye 737 hazifanyi kazi ukisimama chini ya noti 90. Anayekatiza mbio kwenye noti 85 akingoja breki zijifunge atangoja bure. Kanyaga kwa miguu, na usilegeze kwa sababu tu njia inaonekana ndefu. Wengi wamelegeza mapema halafu wakazihitaji zile mita.

Abiria wabaki wameketi, mikanda imefungwa, hadi waambiwe. Wakiambiwa watoke, watoke mikono mitupu.

Kisha ngoja breki. Kutoka kasi kubwa, joto lake huendelea kupanda dakika kadhaa baada ya kusimama, na moto wa magurudumu unaweza kuanza wakati kila mtu amepumua. Rimu zina plagi zinazoyeyuka ili tairi litoe hewa taratibu badala ya kulipuka, kwa hiyo tairi likishuka lenyewe usishangae. Zimamoto wazikague kwa kuzikaribia kutoka mbele au nyuma, siyo ubavuni. Usishike breki ya maegesho kama breki zimepata joto kali, na usirudi mwanzo wa njia kujaribu tena eti taa imezimika yenyewe. Kuna jedwali la kupoza breki, linaanza na uzito na kasi mliyosimamia, na kwenye joto la Mombasa linaweza kudai zaidi ya saa nzima. Fundi aangalie kilichowasha onyo, breki na matairi, aandike kwenye kitabu cha ndege, ndipo mkokotoe V1 nyingine kwa joto na upepo wa saa hiyo.